Jibini Yako Imegandishwa na Nini?

Ndugu mwenyekiti, wazee wetu, kaka na dada zangu, asanteni kwa kunialika, na asanteni zaidi kwa kukubali kukaa humu ndani kusikiliza habari za tumbo la ndama.

Waandaaji walinipa swali fupi: asiyekula nyama ale jibini ipi? Nadhani walitarajia nisimame hapa nisome orodha ya majina, yanayofaa upande huu, yasiyofaa upande ule. Sitafanya hivyo, maana majina hayasaidii sana. Chukueni cheddar mbili zilizopangwa rafu moja, rangi moja, harufu moja. Moja imegandishwa kwa kitu kilichotoka tumboni mwa ndama aliyechinjwa, nyingine kwa kitu kilichozalishwa na kuvu ndani ya tangi la chuma. Ulimi hautakwambia. Mara nyingi hata karatasi iliyofungiwa haitakwambia. Mimi ninayeishi kwa kazi hii siwezi kuzitofautisha kwa kuzitazama. Linaloamua ni jambo moja, nalo hutokea katika nusu saa moja ya utengenezaji: maziwa yaligandishwa na nini?

Basi tuanze na maziwa yenyewe. Maziwa ya ng'ombe ni maji kwa asilimia 87 hivi. Kilichobaki ni mafuta, sukari iitwayo laktosi, madini, na protini inayozidi kidogo asilimia 3. Katika protini hiyo, sehemu nne kwa tano ni kaseini. Kazi yote ya mtengenezaji jibini ni kuikamata kaseini pamoja na mafuta, kisha kuyaacha maji yaende zake. Ndiyo maana kilo moja ya jibini ngumu inataka kama lita 10 za maziwa. Lita 9 hivi hutiririka nje zikiwa majimaji yenye rangi ya kijani-njano ambayo sisi kiwandani tunayaita wei.

Sasa, kaseini haielei ovyo ndani ya maziwa. Imejikusanya katika chembe za mviringo, ndogo mno, hazionekani hata kwa darubini ya kawaida. Kila chembe imeota vinyweleo kwa nje. Vinyweleo hivyo vimetokana na aina mojawapo ya kaseini, kapa-kaseini, navyo vina chaji hasi, kwa hiyo chembe zikikaribiana husukumana. Maadamu vinyweleo vipo na chaji ipo, maziwa yatabaki kuwa maziwa.

Kuna njia mbili za kuyashinda. Ya kwanza ni asidi. Ukitia siki au maji ya limau, au ukiwaachia bakteria wale laktosi na kuigeuza asidi ya laktiki, ile chaji hupungua hadi ikaisha, kwenye pH (kipimo cha ukali wa asidi) ya 4.6 hivi, na chembe hushikana. Njia ya pili ni kunyoa. Kuna kimeng'enya, yaani protini inayochochea mabadiliko ya kikemia, kiitwacho kimosini, ambacho huikata kapa-kaseini mahali pamoja tu, kati ya asidi amino (vipande vinavyounda protini) ya 105 na ya 106 katika mnyororo wake. Hakigusi kwingine, au hugusa kidogo sana. Kipande kilichokatwa huondoka na wei, chembe hubaki zimenyolewa, na kalsiamu iliyomo kwenye maziwa huziunganisha ziwe wavu mmoja mkubwa unaonasa mafuta na maji ndani yake.

Nimekuja na mabakuli mawili ili msiniamini kwa maneno matupu. Hili la kushoto ni maziwa yaliyochemshwa yakatiwa siki. Sogeeni. Mnaona mgando wake: punjepunje, mweupe, ukiubana kwa vidole unavunjika. Huu hata ukiutia kwenye kikaango cha moto hauyeyuki. Hili la kulia ni maziwa ya vuguvugu, nyuzi 32 hivi za Selsiasi, niliyoyatia kimosini kabla hamjaingia. Linaonekana kama halijabadilika, lakini nikiligonga ubavuni, mgando unatikisika wote kwa pamoja. Sasa naingiza kisu kwa mshazari, nainua polepole. Umepasuka. Tazameni ule ufa: mnyoofu, kingo zake kali, na maji yanayojaa ndani yake ni maangavu, si meupe. Hapo ndipo tunaposema mgando uko tayari kukatwa. Ufa ukichanikachanika na maji yakawa meupe, unaacha dakika tano nyingine. Ukikata mapema, mafuta yako yote yanaenda na wei.

Kinachofuata baada ya hapo ni kirefu na kitamu, lakini nitakipita mbio, kwa sababu kwa asiyekula nyama hakina mtego mkubwa. Mgando hukatwa vipande; kadiri vipande vilivyo vidogo, ndivyo maji yanavyotoka zaidi na jibini inavyokuwa ngumu. Cheddar hukatwa vipande vidogo vya pembe nne, ikapashwa moto hadi kama nyuzi 39, ikapangwa mabamba juu ya mabamba ili asidi iendelee kupanda, ikasagwa, ikatiwa chumvi, ikakandamizwa. Parmigiano Reggiano hukatwa hadi ifike ukubwa wa punje za mchele na kupashwa hadi nyuzi 55 hivi, kisha ikahifadhiwa si chini ya miezi 12. Mozzarella huvutwa ndani ya maji ya moto. Camembert hupewa kuvu mweupe juu ya ngozi, jibini za buluu hupewa kuvu wa Penicillium roqueforti ndani, na Emmental hutobolewa na gesi ya bakteria. Bakteria na kuvu si wanyama. Waleni kwa amani.

Turudi basi kwenye ile nusu saa. Kimosini kimetoka wapi?

Ndama anayenyonya ana tatizo ambalo pengine hamjawahi kulifikiria. Chakula chake chote ni kimiminika. Kingeachwa hivyo kingepita tumboni haraka kabla hakijameng'enywa vya kutosha. Kwa hiyo maumbile yamempa kimosini: maziwa yakifika tumboni yanaganda, yakiganda yanakaa. Ng'ombe, kama mnavyojua, ana tumbo lenye vyumba vinne. Ndama anaponyonya, maziwa hayapiti kwenye chumba kikubwa cha kucheulia. Yanakwenda moja kwa moja kwenye chumba cha nne, na humo ndimo kimosini kinamotengenezwa. Akianza kula nyasi, kimosini hupungua na nafasi yake huchukuliwa na kimeng'enya kingine, pepsini, ambacho hukata protini bila kuchagua sana.

Maana yake ni kwamba reneti nzuri ya kienyeji, yaani ule mchanganyiko wa vimeng'enya unaotumika kugandisha, hutoka kwa ndama mchanga, tena kabla hajaachishwa ziwa. Nimeulizwa mara nyingi kama haiwezekani kuikamua bila kumdhuru. Katika biashara, hapana. Ndama huchinjwa, mara nyingi kwa ajili ya nyama yake, kisha chumba cha nne cha tumbo hutolewa, hukaushwa, hukatwa vipande na kulowekwa kwenye maji ya chumvi. Kinachochujika ndicho reneti. Kwa karne nyingi kila mtengenezaji alijilowekea yake na kukisia nguvu yake, leo kali, kesho dhaifu. Mwaka 1874 mkemia wa Denmark, Christian Hansen, alianzisha mjini Copenhagen biashara ya kuuza reneti iliyopimwa nguvu, na tangu hapo mtu akaweza kugandisha maziwa kwa saa, si kwa dua.

Kiasi kinachotumika ni kidogo. Lita 100 za maziwa zinahitaji kama mililita 20 hadi 30 za reneti ya maji, na sehemu kubwa ya kimeng'enya hicho huondoka na wei. Wapo wanaosema basi, kitu kidogo namna hiyo kina neno gani? Mimi naliona hivi: mtu aliyeamua kutokula nyama kwa sababu ya uzito wa mwili wake anaweza kupima kwa mililita. Aliyeamua kwa sababu hataki mnyama achinjwe kwa ajili ya sahani yake hapimi kwa mililita. Swali lake ni kama palikuwa na kuchinja au hapakuwapo. Na kimeng'enya kilichobaki hakikai bure. Kinaendelea kuikata kaseini polepole miezi yote jibini inapoiva, na ladha unayoisifia imetokana kwa sehemu na kazi hiyo.

Msidhani swali hili limezuka juzi. Wayahudi walijadili reneti ya mnyama asiyechinjwa kwa sheria yao tangu zama za Mishna, mkusanyo wao wa kale wa sheria, na Waislamu hadi leo huuliza ndama alichinjwa vipi na na nani. Ila angalieni: swali lao si lenu. Jibini yenye alama ya kosha au ya halali inaweza kabisa kuwa na reneti ya ndama, ilmradi ndama huyo alichinjwa inavyotakiwa. Nimeona watu wasiokula nyama wakiitegemea alama hiyo kwa moyo mweupe. Haiwahusu.

Njia mbadala nazo ni za kale. Columella, mwandishi wa kilimo wa Kirumi wa karne ya 1, alieleza kwamba maziwa hugandishwa kwa tumbo la mwanakondoo au la mwanambuzi, lakini pia kwa maua ya mmea wa miiba wa porini na kwa utomvu wa mtini. Mmea huo wa miiba una ndugu yake ambaye bado yuko kazini. Ureno kuna jibini iitwayo Serra da Estrela, na Hispania kuna Torta del Casar, zote za maziwa ya kondoo, na zote hugandishwa kwa maua makavu ya zambarau ya Cynara cardunculus, jamaa wa artichoki. Maua huloweshwa, huchujwa, na maji yake hutiwa kwenye maziwa. Kwa jibini hizo mmea ndio sharti, si kwa ajili ya kuwaridhisha wasiokula nyama bali kwa sababu ndivyo zilivyo tangu zamani. Ndani huwa laini hata unakata kifuniko cha juu na kuichota kwa kijiko, na ina uchungu mdogo unaopendeza.

Uchungu huo ndio sababu mimea haikuliteka soko. Vimeng'enya vya mimea havina ile nidhamu ya kimosini ya kukata mahali pamoja. Vinaendelea kukata, na vipande vifupi vya kaseini ni vichungu. Kwenye maziwa ya kondoo, kwa jibini inayoliwa baada ya miezi michache, uchungu huo unavumilika, hata unatafutwa. Kwenye cheddar ya maziwa ya ng'ombe unayotaka kuitunza mwaka mzima, ni balaa. Utomvu wa papai na wa nanasi ni wakali zaidi. Unaugandisha mgando, kisha unaanza kuuyeyusha. Mkiona mahali pameandikwa "reneti ya mimea", ulizeni maana yake, kwa sababu wauzaji wengi huandika hivyo hata kwa kimeng'enya cha kuvu.

Kuvu waliingia katika miaka ya 1960. Ulaji wa jibini ulikuwa unapanda, ndama wachanga waliochinjwa wakawa hawatoshi, na viwanda vikaanza kuhangaika. Nchini Japani, Kei Arima na wenzake walipata kuvu wa udongoni, Mucor pusillus, anayetoa kimeng'enya cha kugandisha maziwa. Ndugu yake, Rhizomucor miehei, ndiye aliyekuja kutumika zaidi. Kwa asiyekula nyama huyu hana dosari: hakuna mnyama popote katika safari yake. Kwa mtengenezaji alikuwa na dosari zake. Vimeng'enya vyake vya mwanzo vilileta uchungu katika jibini za muda mrefu, vilipoteza protini kidogo, na vilikuwa vigumu kufa kwa joto, kwa hiyo viliendelea kuchokonoa mpaka ndani ya bidhaa zilizotengenezwa kwa wei. Vya leo vimerekebishwa sana.

Halafu ukaja mwaka 1990. Mwezi wa Machi mwaka huo, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, iliidhinisha kimosini cha kampuni ya Pfizer. Wanasayansi walikuwa wamechukua maagizo ya jeni ya kimosini cha ndama, wakayaweka ndani ya bakteria, na bakteria hao wakawa wanakitengeneza wenyewe ndani ya tangi. Ilikuwa mara ya kwanza FDA kuruhusu kiambato cha chakula kilichotokana na uhandisi wa jeni. Jibini ilitangulia mahindi, soya na nyanya, jambo ambalo wengi hulisahau. Wengine walifuata kwa kutumia chachu ya Kluyveromyces lactis na kuvu wa Aspergillus niger. Kazi ikiisha, viumbe hao huuawa na kuchujwa, na kinachouzwa ni kimeng'enya kilichosafishwa. Nchini Marekani leo sehemu kubwa ya jibini hugandishwa hivyo.

Hapa mimi nina msimamo, na najua baadhi yenu hamtakubaliana nami. Kimosini hicho ni kile kile cha ndama, protini ile ile, mkato ule ule mahali pale pale, na hakuna ndama anayechinjwa ili tangi lijae. Ukiniuliza kama mtengenezaji, ndicho chombo bora nilichowahi kushika: hakina pepsini, nguvu yake haiyumbi, jibini haiwi chungu. Ukiniuliza kama mtu anayejali mnyama, nakiona kimefanya mengi kuliko hotuba zetu zote. Chama cha wasiokula nyama cha Uingereza, Vegetarian Society, hukikubali. Mwenye wasiwasi na uhandisi wa jeni ana haki ya wasiwasi wake, ila ajue kwamba huo ni wasiwasi mwingine. Asiuchanganye na wa nyama. Akivichanganya anaweza kujikuta amekimbia tangi akaangukia tumboni.

Na hilo hutokea kweli. Sheria za kilimo hai za Umoja wa Ulaya zinakataza vitu vilivyozalishwa na viumbe waliobadilishwa jeni. Kwa hiyo jibini yenye alama ya kilimo hai kule haiwezi kutumia kimosini cha tangi. Inabaki na kuvu wa kawaida, mmea, au ndama. Mtu anaona jani la kijani kwenye kifungashio, anadhani amefika, kumbe nafasi ya kukutana na reneti ya ndama imeongezeka.

Niwape na kisa cha ngamia, kwa sababu kinanifurahisha. Kimosini cha ndama wa ng'ombe hupata taabu kuyagandisha maziwa ya ngamia. Hutokea mgando dhaifu, au usitokee kabisa. Watafiti wakachunguza kimosini cha ngamia mwenyewe, wakachukua jeni yake, wakaipandikiza kwa Aspergillus niger. Wakakuta kwamba kimosini cha ngamia hugandisha maziwa ya ng'ombe vizuri kuliko kimosini cha ng'ombe! Tena kinakata kwa nidhamu zaidi na kuleta uchungu kidogo. Sasa kinauzwa viwandani, na kuna ng'ombe wengi wanaotoa maziwa yanayogandishwa kwa akili ya ngamia ambaye hajaguswa.

Tuje kwenye maandishi ya kifungashio, maana hapo ndipo mnapopambana kila siku. Katika Umoja wa Ulaya, jibini ya kawaida iliyotengenezwa kwa maziwa, vimeng'enya, bakteria wa kuchachusha na chumvi hailazimiki hata kuwa na orodha ya viambato. Ukiikuta tupu, si kwamba mtu amevunja sheria. Marekani kanuni zinaruhusu kuandika neno "vimeng'enya" tu, liwe limebeba ndama, kuvu au ua. India kuna utaratibu ninaoupenda: alama ya duara la kijani ndani ya mraba hukuambia kwamba bidhaa haina nyama. Ulaya kuna alama za hiari kama V-Label, na Uingereza ile ya Vegetarian Society. Pasipo alama, hakuna jibu, na kukisia hakusaidii.

Nilisema majina hayasaidii sana. Kuna majina machache yanayosaidia kwa kukataza. Jibini ambazo jina lao linalindwa kisheria huwa na kanuni zilizoandikwa, na baadhi ya kanuni hizo zinataka reneti ya mnyama. Parmigiano Reggiano: reneti ya ndama. Grana Padano: vivyo hivyo. Gruyère ya Uswisi: vivyo hivyo. Pecorino Romano: reneti ya mwanakondoo. Hakuna Parmigiano Reggiano ya kweli inayomfaa asiyekula nyama, na haitakuwapo mpaka kanuni ibadilishwe. Nimesoma menyu zinazotangaza tambi "za wasiokula nyama" zilizonyunyiziwa Parmigiano, na mchuzi wa pesto ulioshangiliwa kwa ukijani wake huku umejaa Pecorino. Mpishi hakuwa na nia mbaya. Hakujua. Nje ya Ulaya neno "parmesan" halifungwi na kanuni hiyo, kwa hiyo unaweza kukuta ya kiwandani iliyogandishwa kwa kuvu. Hapo ya bei rahisi inakufaa na ya kifahari haikufai.

Zipo na zinazowapa watu matumaini ya haraka. Paneer na mascarpone hugandishwa kwa joto na asidi, bila kimeng'enya, ni salama. Quark na jibini ya chembechembe nyeupe hutegemea asidi, ila viwanda vingi huongeza matone machache ya reneti ili mgando uwe imara. Ricotta ndiyo inayowachanganya wengi. Yenyewe hutengenezwa kwa kupasha wei moto hadi kama nyuzi 80 na zaidi, asidi kidogo ikasaidia, na protini zilizobaki zikaganda. Hakuna reneti mpya iliyotiwa. Lakini wei ilitoka wapi? Kama ilitoka kwenye sufuria ya Pecorino, basi ilishabeba reneti ya mwanakondoo kabla ricotta haijaanza.

Kuna vitu vingine vya kuvijua, navyo nitavitaja kwa haraka. Lipasi, kimeng'enya cha kukata mafuta, ndiyo inayoipa provolone kali na Pecorino ile ladha ya kuchoma ulimi. Ya kienyeji hutolewa kooni na mdomoni mwa ndama, mwanambuzi au mwanakondoo, ingawa ipo pia ya kuvu. Lisozimu, namba E1105, hutoka kwenye ute wa yai na huwekwa katika Grana Padano kuzuia bakteria waharibifu. Anayekula mayai haimsumbui, asiyekula mayai inamhusu. Jelatini huongezwa kwenye baadhi ya jibini za kupaka zenye mafuta kidogo, na jelatini ni ngozi na mifupa. Rangi ya machungwa kwenye jibini nyingi ni anato, mbegu ya mmea, haina shida. Na kwa wanaopenda Mimolette ya Ufaransa: ile ngozi yake yenye mashimo huchimbwa na utitiri hai wanaolelewa juu yake kwa makusudi. Mwaka 2013 Marekani iliizuia bandarini kwa sababu yao. Sijui mnawaweka upande gani wa sahani, ila wako pale na wanatembea.

Limebaki jambo moja gumu, nami nisingependa kuondoka bila kulisema, kwa sababu mtaniuliza. Ng'ombe hatoi maziwa bila kuzaa. Akizaa dume, dume huyo hana kazi katika shamba la maziwa, na mara nyingi huchinjwa, kimosini chake kikitumika au kisitumike. Kwa hiyo jibini iliyogandishwa kwa kuvu haina kitu cha mnyama aliyechinjwa ndani yake, lakini haiko nje kabisa ya hesabu ya ndama. Wanaokataa maziwa yote wana hoja, na sidhani hoja yao inajibika kwa kubadilisha kimeng'enya. Wanaokula maziwa bila nyama nao wana mpaka wao, kwamba hawatakula kiungo cha mnyama aliyeuawa, na mpaka huo unaheshimika na unaweza kufuatwa kikamilifu kwa jibini. Ninachokipinga ni kudanganywa: mtu amechora mpaka wake, halafu mwingine anauvuka kwa niaba yake kwa sababu karatasi haikulazimishwa kusema.

Kwa hiyo mkiwa mbele ya muuzaji, msimuulize kama jibini yake "inafaa". Atasema inafaa. Muulizeni kigandishi chake ni cha ndama, cha kuvu, cha mmea au kimosini cha tangi. Kisha muulizeni kama ametia lipasi. Akisema hajui, mwandikieni mtengenezaji; watengenezaji wengi hujibu, maana taarifa hiyo wanayo kwenye daftari la kila sufuria. Asiyejibu, mimi binafsi simnunulii.

Nimemaliza sehemu yangu, ndugu mwenyekiti. Naona mikono imeshanyooshwa kule nyuma. Tuanze na yule mama mwenye daftari.